Albert Einstein na mhakiki asiyemjua: Hata kinyozi bingwa hajinyoi

Ukisikiliza taarifa zetu za afya, kilimo au hali ya hewa, kuna maneno ambayo haipiti wiki bila kuyasikia: utafiti huu umechapishwa katika jarida la kisayansi. Tunayasema haraka, kisha tunaendelea na habari. Lakini maneno hayo yana uzito gani? Jarida la kisayansi lina tofauti gani na gazeti la kawaida, na kwa nini tunalitaja kana kwamba ni muhuri?

Uzito wake unatokana na kazi inayofanyika kabla ya makala kuchapishwa. Kazi hiyo huitwa uhakiki wa wataalamu wenza. Mtafiti akishaandika alichokigundua, hutuma mswada wake kwa mhariri wa jarida. Mhariri hauchapishi hapohapo. Huwapelekea watu wengine wawili au watatu wenye ujuzi uleule, wausome kwa jicho kali, watafute makosa, kisha waandike walichokiona. Mara nyingi mwandishi haambiwi majina yao, ili waseme ukweli bila kuogopa lawama. Wengi wao hawalipwi hata senti.

Leo tunaieleza kazi hiyo kupitia maisha ya mtu ambaye jina lake linatajwa hata na watoto wa shule wanapotaka kumsifu mwenzao mwenye akili: Albert Einstein. Mwaka 1936, akiwa na umri wa miaka 57 na umaarufu uliokwisha kuzunguka dunia, mswada wake ulirudishwa na jarida moja la Marekani pamoja na kurasa 10 za maelezo ya mtu asiyetajwa jina. Einstein alikasirika. Lakini mtu yule asiyetajwa jina ndiye aliyekuwa sahihi.

Kijana aliyekosa kazi

Einstein alizaliwa tarehe 14 Machi 1879 katika mji wa Ulm, kusini mwa Ujerumani. Mwaka uliofuata wazazi wake walihamia Munich, ambako baba yake na baba yake mdogo walikuwa na biashara ya vifaa vya umeme. Biashara ilipoyumba, familia ilihamia Italia mwaka 1894. Kijana Albert aliachwa nyuma amalize shule, lakini hakuvumilia nidhamu ya shule ile. Aliiacha, akawafuata wazazi.

Mwaka 1895, akiwa na miaka 16 tu, alifanya mtihani wa kuingia chuo cha ufundi cha Zurich, Uswisi. Alifanya vizuri katika hisabati na fizikia, lakini masomo mengine yalimwangusha. Alisoma mwaka mmoja zaidi katika mji wa Aarau, akakubaliwa, na akahitimu mwaka 1900.

Baada ya hapo alipata shida ambayo vijana wengi wa leo wanaijua. Alikuwa na cheti mkononi, lakini kazi hakuna. Aliomba nafasi ya kuwa msaidizi wa maprofesa, hakuna aliyempokea. Alifundisha kwa muda hapa na pale. Hatimaye baba wa rafiki yake wa chuoni, Marcel Grossmann, alimsemea kwa mkurugenzi wa ofisi ya serikali ya kusajili uvumbuzi mjini Bern. Einstein alianza kazi huko mwaka 1902, katika ngazi ya chini ya wakaguzi.

Kazi yake ilikuwa nini? Watu walileta michoro ya mashine walizodai kuzibuni. Einstein alikaa mezani siku sita kwa wiki, akiisoma michoro hiyo mmoja mmoja. Je, mashine itafanya kazi kama mwenyewe anavyodai? Je, ni jambo jipya, au ni la mtu mwingine lililobadilishwa rangi? Kwa miaka saba mkate wake ulitokana na kukagua kazi za wengine na kuonyesha zilipo kasoro. Alikuwa mhakiki kwa ajira. Tulishike jambo hili, tutalirudia.

Makala zilizopita kwa jicho la mhariri

Mwaka 1905, akiwa bado mkaguzi wa ofisini mwenye miaka 26, Einstein alichapisha makala nne zilizobadili fizikia. Moja ilieleza kwamba mwanga husafiri kama vifurushi vidogo vya nishati. Ya pili ilionyesha, kwa mahesabu, jinsi punje ndogo zinavyochezacheza ndani ya maji kwa kugongwa na molekuli zisizoonekana. Ya tatu ilileta nadharia ya uhusianifu, inayosema kwamba saa za watu wawili wanaosafiri kwa mwendo tofauti haziendi sawa. Ya nne ilionyesha kwamba uzito wa kitu na nishati ni jambo moja katika sura mbili.

Zote zilitoka katika jarida la Kijerumani liitwalo Annalen der Physik. Hazikupelekwa kwa wahakiki wa nje kama inavyofanyika leo. Wakati ule katika Ujerumani, mhariri na washauri wake wachache waliamua wenyewe. Mshauri wa jarida hilo upande wa nadharia alikuwa Max Planck, mmoja wa wanafizikia wakubwa wa zama zile. Bahati ilikuwa kwamba watu wale walikuwa na macho ya kuona, wakaichapisha kazi ya kijana asiyejulikana.

Uhakiki wenyewe haukuwa mgeni duniani. Jumuiya ya wanasayansi ya London, iitwayo Royal Society, ilianzisha jarida lake mwaka 1665, na katika karne ya 19 ilikuwa na desturi ya kuomba maoni ya maandishi kutoka kwa wataalamu. Lakini kila nchi na kila jarida lilikuwa na utaratibu wake. Hata jarida mashuhuri la Nature la Uingereza lilianza kuwataka wataalamu wa nje wapitie kila makala mwaka 1973 tu.

Pamoja na hayo, Einstein alikwisha kuonja faida ya jicho la mwenzake. Katika tasnifu yake ya udaktari, alikuwa amekokotoa ukubwa wa molekuli. Miaka michache baadaye vipimo vilivyofanywa Paris havikulingana na hesabu zake. Alizipitia tena na hakuona tatizo. Akamwomba msaidizi wake, Ludwig Hopf, azitazame. Hopf akaliona kosa. Mwaka 1911 Einstein alichapisha masahihisho. Wahenga walisema nyani haoni kundule, na hata nyani huyu bingwa hakuwa tofauti.

Kupatwa kwa jua na jina kuvuma

Mwaka 1914 Einstein alihamia Berlin kama mwanachama wa chuo cha wanasayansi cha Prussia. Mwezi wa Novemba 1915 aliwasilisha hapo nadharia yake kubwa kuliko zote, inayoeleza nguvu ya uvutano, ile inayoliangusha embe kutoka mtini na kuushika mwezi usipotee. Kwa maelezo yake, kitu kizito hukunja nafasi iliyokizunguka, kama mtu mzito anavyobonyeza godoro. Vitu vingine vikipita karibu hufuata mkunjo huo. Wanachama wa chuo kile walikuwa na haki ya kuchapisha kazi zao katika taarifa za chuo bila kuhakikiwa na mtu.

Mwaka uliofuata alitoa wazo jingine kutokana na nadharia hiyo. Kama vitu vizito vikizungukana au kutikisika, nafasi yenyewe itatikisika, na mtikisiko huo utasafiri kama mawimbi ya maji yanavyosafiri ziwani ukitupa jiwe. Haya ndiyo mawimbi ya uvutano. Hesabu zake za mwaka 1916 zilikuwa na kosa, naye mwenyewe akazirekebisha mwaka 1918.

Tarehe 29 Mei 1919 jua lilipatwa. Wanasayansi wa Uingereza walikuwa wamesafiri kwenda Sobral nchini Brazil, na kwenye kisiwa cha Príncipe karibu na pwani ya magharibi ya Afrika, kupima kama mwanga wa nyota unapinda ukipita kando ya jua kama Einstein alivyotabiri. Ulipinda. Matokeo yalipotangazwa London mwezi wa Novemba, Einstein akawa maarufu duniani kote. Akapewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1921 kwa kazi yake kuhusu mwanga.

Hitler alipochukua madaraka mwaka 1933, Einstein, aliyekuwa Myahudi, hakurudi tena Ujerumani. Alihamia Marekani na kufanya kazi katika taasisi ya utafiti mjini Princeton.

Mswada unarudi

Huko Princeton alifanya kazi na kijana aitwaye Nathan Rosen. Waliporudi kwenye suala la mawimbi ya uvutano, walifikia jibu la kushangaza. Kwa hesabu zao, mawimbi yale hayawezi kuwapo. Einstein alikuwa anakaribia kulifuta wazo lake mwenyewe la miaka 20.

Katikati ya mwaka 1936 walituma mswada wao kwa jarida la Marekani liitwalo Physical Review. Mhariri wake alikuwa John Tate, profesa wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Tate alikuwa amekwisha kuchapisha makala nyingine za Einstein bila shida. Lakini dai hili lilikuwa zito, na mhariri hakutaka kulipitisha kwa sababu tu ya jina lililo chini yake. Akampelekea mtaalamu mmoja. Mwezi wa Julai akamrudishia Einstein mswada, pamoja na maelezo ya mtaalamu huyo, akimwomba atoe majibu.

Einstein alijibu kwa ukali. Alimweleza mhariri kwamba yeye na Rosen walituma mswada uchapishwe, na hawakumpa mtu ruhusa ya kuwaonyesha wataalamu wengine kabla haujatoka. Hakuona sababu ya kujibu maoni ya mtu asiyejulikana, ambayo kwa mtazamo wake yalikuwa na makosa. Akaondoa mswada wake. Tate alimjibu kwa adabu kwamba anasikitika, lakini utaratibu wa jarida ndio huo. Tangu hapo Einstein hakupeleka tena utafiti mpya kwenye jarida lile.

Tusimhukumu haraka. Alikuwa amezoea desturi za Ujerumani, ambako mtu wa hadhi yake hakuulizwa maswali ya namna hiyo. Lakini ni yuleyule aliyekaa Bern miaka saba akikagua michoro ya watu ambao nao, bila shaka, hawakupenda kuambiwa kwamba mashine zao zina kasoro. Kukagua ni rahisi kuliko kukaguliwa.

Kosa lilikuwa wapi?

Tazama ramani ya dunia iliyobandikwa ukutani darasani. Ncha ya kaskazini ya dunia ni nukta moja tu. Lakini katika ramani nyingi nukta hiyo imevutwa ikawa mstari mrefu, kutoka ukingo mmoja wa karatasi hadi mwingine. Mtu asiyejua anaweza kudhani kwamba dunia yenyewe imepasuka pale juu. Dunia haijapasuka. Tatizo ni namna ya kuichora.

Einstein na Rosen walikutana na jambo linalofanana na hilo. Hesabu zao zilivunjika mahali fulani, wakahitimisha kwamba mawimbi hayawezekani. Mhakiki aliwaonyesha kwamba palipovunjika ni kwenye mchoro, yaani namna yao ya kupimia nafasi, wala si kwenye mawimbi. Ukibadili namna ya kupimia, mawimbi yanabaki salama. Yanaonekana yakitanuka kutoka kwenye mstari wa katikati, kama viduara vya maji ukitikisa mti uliochomekwa ziwani.

Mhakiki huyo alikuwa Howard Percy Robertson, mwenye umri wa miaka 33, profesa wa Chuo Kikuu cha Princeton. Alikuwa anaishi mji mmoja na Einstein. Wakati wa uhakiki alikuwa safarini California, na aliporudi hakwenda kujitangaza wala kujigamba. Alijenga urafiki na msaidizi mpya wa Einstein, Leopold Infeld, mtu kutoka Poland. Siku moja walizungumza kuhusu mawimbi ya uvutano. Infeld akamweleza hoja ya Einstein, na Robertson akamwonyesha, hatua kwa hatua, inapokosea.

Infeld alikwenda kumwambia bosi wake. Einstein akamwambia kwamba usiku uliotangulia yeye mwenyewe alikuwa ameona kosa katika hesabu zile. Wakati huo makala ilikuwa tayari imekubaliwa na jarida jingine, la taasisi ya Franklin ya mjini Philadelphia, nayo ilikuwa mbioni kuchapishwa. Einstein aliirekebisha kabla haijatoka, akaibadili hitimisho na jina. Ilipochapishwa mwanzoni mwa mwaka 1937, haikusema tena kwamba mawimbi hayapo. Mwishoni alimshukuru Robertson kwa msaada wake wa kirafiki wa kulifafanua kosa lile.

Siri ya nani aliandika zile kurasa 10 ilikaa kwa miongo mingi. Ilithibitishwa mwaka 2005, mtafiti wa historia ya fizikia alipoonyeshwa kumbukumbu za zamani za mhariri, ambamo jina la Robertson lilikuwa limeandikwa. Robertson alikuwa amefariki mwaka 1961.

Einstein naye alifariki tarehe 18 Aprili 1955 mjini Princeton, akiwa na miaka 76. Mawimbi aliyoyatabiri, kisha akataka kuyakana, hakuna aliyekuwa ameyanasa. Ilipofika tarehe 14 Septemba 2015, mitambo miwili nchini Marekani, yenye mikono ya urefu wa kilomita 4 kila mmoja, ilihisi mtikisiko mdogo mno, uliotoka kwenye mashimo meusi mawili yaliyogongana mbali sana angani. Watafiti hawakukimbilia redioni. Walikagua vipimo vyao kwa miezi kadhaa, kisha wakatuma makala ikahakikiwe. Ilitangazwa na kuchapishwa tarehe 11 Februari 2016 katika Physical Review Letters, jarida ambalo ni mtoto wa lilelile Einstein alilolisusa.

Haya yanatuhusu nini?

Yanatuhusu kwa sababu kila siku tunaletewa madai. Mbegu hii haishambuliwi na ugonjwa. Dawa hii inatibu maradhi kumi. Chanjo hii ina madhara. Wengi wanaoyasambaza kwenye simu zetu hutanguliza jina kubwa: daktari fulani, profesa fulani, mzungu fulani. Maisha ya Einstein yanatuonyesha kwamba jina kubwa halitoshi. Kama yeye aliweza kukosea katika jambo alilolibuni mwenyewe, hakuna ambaye kazi yake haistahili kutazamwa na mwingine.

Uhakiki nao una mipaka yake, na hatutaki kuificha. Wahakiki husoma karatasi, kwa kawaida hawarudii majaribio shambani au maabara. Mtu akidanganya takwimu kwa ustadi anaweza kuwapita. Mwaka 1998 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha utafiti wa watoto 12 uliozua hofu kwamba chanjo ya surua inahusiana na usonji. Tafiti kubwa zilizofuata hazikuona uhusiano huo, na mwaka 2010 jarida liliifuta makala ile. Lakini hofu ilikwisha kuenea, na bado inatembea. Tena yapo majarida ya uongo, yanayochapisha chochote mradi mwandishi alipe ada.

Kwa hiyo uhakiki ni kama ungo. Huchuja makapi mengi, si yote. Ndiyo maana sayansi haiishii kwenye makala moja. Wengine hurudia kazi ileile mahali pengine, na matokeo yakilingana, imani inaongezeka.

Ukisikia dai jipya, iwe kwetu au kwenye simu, uliza mambo machache. Limechapishwa wapi? Kuna wataalamu wengine waliolipitia, wasio na hisa katika biashara hiyo? Lilijaribiwa kwa watu au mashamba mangapi? Kuna wengine waliopata jibu hilohilo? Anayeuza kitu akikasirika ukimuuliza hivyo, mkumbuke Einstein wa Julai 1936. Naye alikasirika. Lakini yeye, hasira ilipotulia, alilirekebisha kosa lake na kumshukuru kwa maandishi mtu aliyemsaidia kuliona.